Kwenye Daftari Niliandikwa Mtani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakimaliza kazi Jumamosi walikuwa wanapitia kwenye nyama choma. Mimi nilipitia dukani kununua sabuni, kisha nikaenda kukaa kwenye kiti changu cha plastiki nyuma ya nyumba yetu Mkonze, nikiangalia kuku wasio wangu. Mke wangu, Mama Rehema, aliniambia kila wiki, "Baba Rehema, toka hata ukasalimie watu." Nilimjibu kwamba siku nikipata nafasi ya kukaa nyumbani mwaka mzima ndipo atajua nakipenda kiti kile kiasi gani. Nafasi niliipata. Sikutaja kwamba ije na mguu uliovunjika sehemu mbili, lakini nadhani maombi yangu sikuyapanga vizuri.

Naandika haya kwa ajili yako uliyelala sasa hivi, mguu juu ya mto, unasikia watu wakiongea sebuleni na unahisi wanakusema. Huenda kweli wanakusema. Mimi nilihisi hivyo kwa miezi mingi, na nilimshuku kila mtu isipokuwa yule aliyestahili. Mambo ya kidaktari sitayaeleza, kwanza siyajui. Nitakueleza habari za mabenchi, za kuwashwa ndani ya hogo, ile plasta ngumu ya mguu, mahali ambapo kidole hakifiki, na za neno moja dogo lililokaribia kuninyima mguu.

Nilikuwa saidia fundi kwenye jengo la ghorofa kule Ihumwa. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea fundi zege na matofali, na kutukanwa yakichelewa. Vibarua wote tulisimamiwa na mtu mmoja mnene wa Tabora, mwenye kofia ya kijani ambayo siku zile sikuwahi kuiona nje ya kichwa chake. Tulimwita Mnyamwezi. Mimi ni Mgogo. Anayeijua nchi hii ameshaelewa kwamba sisi ni watani, na hakuna la kufanya.

Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Karibu, ila hapa hatutoi sadaka."

Nikamwambia babu zake walipita kwetu na mizigo ya watu vichwani, wakaomba maji, wakapewa, na mpaka leo kibuyu hawajarudisha. Alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu. Mtani njoo, Mtani shika, Mtani umechelewa. Kila asubuhi alifungua daftari la mahudhurio juu ya goti lake, akaandika waliofika. Sikuwahi kuchungulia kaandika nini. Jumamosi nilipata changu, nikaenda zangu kwa kuku.

Ilikuwa mwezi wa saba, ule upepo wetu wa Dodoma unapokuja na baridi na vumbi kwa pamoja. Nilikuwa juu ya jukwaa na karai la zege begani. Mrunda mmoja, mti unaoshikilia jukwaa, ulitoa sauti chini yangu kama mtu anayekohoa kwa adabu. Nilipata muda wa kufikiri kwamba mrunda ule jana nao ulikohoa, na mimi nikanyamaza kwa sababu sipendi maneno mengi kazini. Halafu nikawa chini.

Mnyamwezi alifika wa kwanza. Akaniinamia, akasema, "Mtani, ngazi iko upande ule."

Watu walicheka. Nami nilicheka, mpaka nilipoona unyayo wangu wa kulia unaangalia upande wake wenyewe, bila kunishirikisha. Hapo sikumbuki nilisema nini, na waliosikia wamekataa kuniambia. Mnyamwezi alivua shati, akafunga mguu kwenye vipande viwili vya mbao, akapanda nyuma ya pikapu akakiweka kichwa changu kwenye mapaja yake. Njia nzima alitania. Kwamba nimeruka ili nipate likizo. Kwamba nikifa anakuja kula ng'ombe wa matanga, kwa hiyo nimwambie mapema ni yupi amenona. Lakini mkono wake, uliokuwa kifuani kwangu, ulikuwa unatetemeka. Niliuona. Nikajiwekea akilini: mtu anayetania huku anatetemeka ana jambo anaficha.

Hospitali walinifungua mguu, wakaniwekea vyuma, wakanifunga hogo kutoka vidoleni mpaka juu ya goti. Kampuni ililipa hospitali siku zile za kwanza. Nilirudi Mkonze nikiwa na magongo mawili ya kuazima na mguu mweupe kuliko ukuta wa nyumba yetu.

Wiki za kwanza ni za wageni. Wanakuja, wanakaa, wanakuhadithia habari za mtu aliyekatwa mguu. Kila mmoja anaye mtu wake aliyekatwa mguu. Wiki ya nne wanapungua, na hapo ndipo unaanza kusikia vitu. Nilijifunza kutambua hatua za mke wangu kwa sauti ya kandambili. Nilijua akifungua pipa la unga linasema nini likiwa limejaa na linasema nini likikaribia mwisho. Alikuwa ameanza kuchoma vitumbua asubuhi na kuuza barabarani, na akirudi ananiosha kama mtoto, kimya, akiuzungusha mguu taratibu. Sikuupenda ukimya ule. Nilitamani anigombeze.

Halafu simu. Kila baada ya siku mbili tatu simu yake ililia mchana, akaangalia, akatoka nayo nje mpaka karibu na banda la kuku. Nilinyoosha shingo dirishani mpaka nikapata maumivu mapya.

"Ndiyo, shemeji," nilimsikia siku moja. "Amekula. Bado mkali, ndiyo. Hapana, usije leo."

Shemeji yupi? Ndugu zangu wote wa kiume nawafahamu, na hakuna hata mmoja anayeweza kulipia simu mara tatu kwa wiki kuuliza kama nimekula. Aliporudi ndani nikamuuliza nani huyo.

"Mtu anakusalimia."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye moyo," akasema, akaenda kutoa kuku kwenye mchele.

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Nilimshuku mwenye duka. Nilimshuku mwalimu wa Rehema, ambaye nywele zake sikuwahi kuziamini. Ukiwa umelala chali muda wote, akili inafanya kazi ya miguu, inatembea mpaka mahali ambako ungekuwa mzima usingefika.

Mwezi wa tisa, Jumapili, nikasikia hodi ya mtu mnene. Mnyamwezi aliingia na kofia yake, akamsalimia mke wangu kwa furaha kupita kiasi, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki. Kwenye kiti changu. Akanitazama.

"Mtani, umenenepa. Kumbe kazi ndiyo iliyokuwa inakusumbua."

"Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Nimekuja kuchagua ng'ombe."

Tuliendelea hivyo kidogo. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti. "Sikiliza. Kesho au keshokutwa atakuja mtu na zabibu. Zabibu kula. Karatasi usiile."

"Karatasi gani?"

"Nyie Wagogo mmezaliwa kuomba. Leo mimi nakuomba: usipokee. Mwambie na mkono nao umevunjika, huwezi kushika kalamu."

Nikacheka. Ningefanya nini? Mtu huyu kwa karibu mwaka mzima hakuwahi kuniambia sentensi moja iliyonyooka. Aliwahi kunituma ofisini nikaazime mashine ya kunyoosha nondo zilizolala usingizi. Mke wangu hakucheka. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akitutazama wote wawili, na mimi nikaona jinsi Mnyamwezi alivyomtazama kabla ya kuondoka, akamwambia, "Shemeji, mkumbushe."

Shemeji. Basi nikawa nimempata mwizi wangu.

Jumanne akaja karani wa kampuni, kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Alikuwa na mfuko wa zabibu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliniita kaka Elia, na nilikuwa sijasikia jina langu kutoka kwa mtu wa kazini tangu niajiriwe. Nakiri lilinilainisha.

"Kaka Elia, bosi anakupa pole sana. Amesema kibinadamu hawezi kukuacha hivihivi." Akatoa bahasha, akatoa na karatasi. "Hii ni ya kuonyesha tu kwamba pole imefika. Unajua mambo ya mahesabu."

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, nikamshuku papo hapo. Nilishuku kwamba bahasha ameipunguza njiani. Kwa hiyo nikazihesabu noti mara tatu mbele yake, moja moja, nikizinyanyua kwenye mwanga, naye akasubiri ametabasamu. Zilikuwa kamili. Nikaona nimemshinda. Karatasi nikaisaini bila kuisoma hata mara moja. Nina cheti cha kidato cha nne, daraja lake silitaji, lakini kusoma najua.

Mama Rehema aliporudi na beseni lake la vitumbua akaona zabibu mezani. Aliziangalia muda mrefu. "Umekula karatasi," akasema, akaingia chumbani.

Nikamwambia amesomeshwa na huyo Mnyamwezi wake. Neno "wake" lilinitoka lenyewe. Alilala na Rehema siku nne, na mimi nikaona hiyo ndiyo dalili niliyokuwa naitafuta.

Hogo lilitolewa mwezi wa kumi, joto likiwa limeshika. Nataka ujiandae kwa mguu utakaouona, maana hakuna atakayekuambia. Hautakuwa wako. Wangu ulikuwa mwembamba kama gongo, una magamba, una nywele ndefu ambazo sijui zilipata wapi chakula, na unanuka kama gunia lililosahaulika stoo. Muuguzi aliyenikatia hogo aliusugua kwa maji ya uvuguvugu bila kukunja uso, akawa ananiuliza habari za mvua. Simjui jina. Yule dada bado namkumbuka kwenye sala zangu, na mimi si mtu wa sala nyingi.

Lakini mguu haukukubali kukanyaga. Ulivimba kila jioni. Kliniki ya mifupa ilikuwa Jumatano, na kwenye benchi lile nilikaa Jumatano nyingi, kati ya watu wanaoulizana "wewe ulianguka wapi" kama wasafiri wanaoulizana wanashukia wapi. Mwezi wa kumi na moja daktari akainua picha yangu kwenye mwanga. Akasema mfupa mmoja haujaunga. Lazima nifunguliwe tena, chuma kingine kiwekwe. Tukingoja sana mguu utabaki mfupi, na kazi ya kupanda juu niisahau.

Nikampigia karani. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Kwa simu ya mke wangu alipokea, akasikia sauti yangu, mtandao ukawa mbaya papo hapo.

Pale hospitali kuna chumba cha afisa ustawi wa jamii. Nilikwenda kuuliza kama naweza kulipa upasuaji kidogo kidogo. Mama yule alisikiliza, akauliza, "Umeumia wapi?" Nikasema kazini. "Sasa kwa nini unataka kulipa wewe?"

Swali lile lilinitia wasiwasi. Nilidhani ananitega. Akanieleza kwamba upo mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, waajiri ndio wanaouchangia, mfanyakazi hakatwi hata senti, na ofisi ipo hapahapa mjini. Nikamwambia mimi ni kibarua tu, sina mkataba. Akasema, "Kibarua naye anavunjika, baba. Nenda kabla mwaka haujapita tangu uumie."

Sikwenda mara moja. Nilikaa wiki mbili nikijiuliza wanapata nini. Serikali ikupe kitu bure, bila foleni ya kupigwa picha ukikabidhiwa? Halafu kuna lile lingine ambalo sikumwambia mtu. Mgogo akienda ofisini kunyoosha mkono, nchi nzima ina wimbo wa kumwimbia. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mwaka mzima Ihumwa, na niliucheka kwa sababu nilikuwa nimebeba zege. Sasa nilikuwa nimebeba magongo.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki niliyokwenda. Kwenye ofisi ya mfuko nilihudumiwa na dada mdogo wa umri, Dada Upendo, mwenye miwani na kalamu anayoibofya akifikiri. Nikaanza, "Dada, nimekuja kuomba msaada..."

"Huombi," akasema bila kuinua uso. "Unadai. Jina?"

Nikamtajia. Tukaandika yote: siku, saa, jukwaa, mrunda. Nikamwonyesha na nakala ya ile karatasi ya pole aliyoniachia karani, ambayo nilikuwa nimeisoma sasa, nimechelewa miezi mitatu. Ilisema mimi Elia Petro Ndahani nimepewa pole kwa ajali niliyoipata katika shughuli zangu binafsi, na sina dai lingine. Shughuli zangu binafsi. Nilikuwa na karai la zege la mtu mwingine begani.

Dada Upendo aliisoma, akabofya kalamu. "Haki hii haifutwi kwa karatasi ya zabibu," akasema, maana zabibu nilikuwa nimeshamsimulia. "Ila lazima nipate uthibitisho kwamba ulikuwa mfanyakazi pale. Nawaandikia waajiri wako."

Waajiri wangu walijibu baada ya wiki tatu. Nilipoitwa, Dada Upendo aligeuza kwangu nakala za kurasa za daftari la mahudhurio. "Wanasema jina lako halimo. Nimepitia yote. Kweli halimo."

Nikavuta karatasi. Nilitambua mwandiko ule wa wino wa bluu, herufi M yenye mkia unaoshuka kama wa mjusi. Juma, Athumani, Kedmon, Paulo mrefu, Paulo mfupi. Na kila siku, kila ukurasa, tangu nianze mpaka ile siku ya mwezi wa saba, mstari wa tano au wa sita: Mtani. Tiki. Mtani. Tiki. Siku iliyofuata ajali, Mtani hayupo.

"Ndiye mimi huyu," nikasema.

"Mtani?"

"Ndiyo."

"Baba, hata mimi nina watani. Mtani anaweza kuwa mtu yeyote Tanzania."

Nilitoka nje kwenye ukuta, mvua inanyesha, nikampigia Mnyamwezi. Miezi yote ile kila kitu kilikuwa kikijikusanya, na sasa kilikaa sawa kabisa kichwani: kutetemeka kwake, simu za mke wangu, karatasi aliyojua itakuja kabla haijaja. Aliyejua kwamba itakuja ni nani, kama si mwenzao? Alipopokea alisema, "Mtani, bado hujafa?" Nikamwambia aache upuuzi. Nikamwambia ameniandika utani kwenye daftari makusudi, ili nikija kudai nichekwe, na kwamba anajua anachokitafuta nyumbani kwangu, na mimi nakijua.

Nilisikia mashine ya zege nyuma yake.

"Sawa, bwana," akasema, akakata.

Watani hawakasirikiani. Hiyo ndiyo kazi yote ya utani. Na hawaitani bwana. Nilisimama pale na simu sikioni, nikajua kuna kitu nimekivunja ambacho hakiwekewi chuma.

Nikarudi ndani. Dada Upendo akauliza aliyekuwa anaandika daftari ni nani, maana yeye peke yake ndiye anayeweza kueleza.

"Mnyamwezi."

"Jina lake."

Nikafikiri. Nikatoa simu kuangalia nilivyomhifadhi. "Mnyamwezi," nikasema.

Aliweka kalamu chini. "Baba, unalalamika kwamba hukuandikwa jina. Na wewe shahidi wako hujui anaitwa nani?"

Jioni ile nilimsimulia Mama Rehema, nikitarajia anionee huruma. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, bila kusimamisha ungo, "Hamisi Shabani Maganga. Anakaa Kikuyu, nyumba ya nyuma ya msikiti, amepanga chumba."

"Umejuaje?"

"Nilimuuliza. Siku ile alipokuleta hospitali alikaa na mimi kwenye benchi mpaka ukatoka kwenye upasuaji, kifua wazi, shati lake likiwa limelowa damu yako. Mtu akikaa na mimi hivyo namuuliza jina." Akapuliza makapi. "Tangu siku hiyo anapiga kuuliza umekula nini. Alisema nisikuambie, utaona anakuonea huruma na utaacha kumtania. Nawe ulinichunguza dirishani kama jogoo mgonjwa. Nilikuona kila siku, Baba Rehema. Nilikuacha tu, nilidhani angalau unafanya mazoezi ya shingo."

Sina ushauri wa kukupa kuhusu usiku unaofuata maneno kama hayo. Utaupita kama nilivyoupita.

Kesho yake nikaenda Kikuyu na magongo yangu, matope mpaka kwenye kwapa. Hamisi alikuwa anafua. Aliniona, akaendelea kufua. Nikamsalimia. Akaitikia kama anavyomwitikia mtu wa bili ya maji. Nikasimama. Mwishowe akasogeza stuli kwa mguu, yeye akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza.

"Nimekuja kuomba," nikasema.

Nilimwona akipambana na uso wake. Alijitahidi sana. Ukashinda uso. "Rudia."

"Nimekuja kuomba."

"Mgogo huyu hapa," akawaambia majirani wasiokuwepo. "Ametoka Mkonze na miguu mitatu kuja kuomba. Haya, omba vizuri. Nyoosha mkono."

Nikaunyoosha. Aliuangalia, akaushika, akashindwa kuuachia, na hapo hatukutania kwa muda. Nikamwomba samahani kwa yale ya simu. Akasema yale ya simu hakuyasikia vizuri, mashine ilikuwa inapiga kelele. Halafu uso wake ukabadilika.

"Elia, nikienda pale nikasema, kesho sina kazi. Wameshatuambia. Aliyeumia kaumia kwake."

"Najua."

"Na mrunda ule," akasema, akaangalia nguo alizokuwa anafua. "Niliwaambia umechoka. Niliwaambia mara mbili, wakasema tumalizie wiki. Ningeweza kukataa watu wasipande. Sikukataa."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa linautetemesha ule mkono kwenye pikapu. Nami niliusikia mrunda ukikohoa jana yake. Hakuniahidi kitu. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba haji. Ninakueleza ukweli: baada ya yote yale bado nilimshuku, mpaka kwenye kona ya barabara.

Siku ya miadi tuliketi ofisini kwa Dada Upendo tangu saa mbili na nusu, mimi na Mama Rehema. Saa nne. Saa tano. Mke wangu alikuwa ameniletea vitumbua, sikuvigusa. Daktari alikuwa ameniambia mwezi wa pili ndio mwisho wa kungoja. Nilianza kuutazama mguu kama mtu anayeagana na mgeni kituoni. Saa sita kasoro, kofia ya kijani ikapita dirishani.

Akaingia, akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake. Kina upara mzuri sana, sijui alikuwa anauficha nini.

"Majina kamili," Dada Upendo akasema.

"Hamisi Shabani Maganga."

"Unamfahamu Elia Petro Ndahani?"

Hamisi akanigeukia. "Petro? Hilo silijui. Mimi huyu namfahamu kwa jina la Mtani."

Dada Upendo akampa karatasi nyeupe, akamwambia aandike neno hilo. Akaandika polepole, ulimi nje kidogo. M yenye mkia wa mjusi. Dada akaiweka kando ya nakala ya daftari, akaziangalia zote mbili, akabofya kalamu.

"Pale kazini Wagogo walikuwa wengi. Una uhakika gani kwamba Mtani kwenye daftari hili ni huyu tu, kila siku, si mwingine?"

"Dada yangu," Hamisi akasema, "Mgogo wa kumtania kila siku nilikuwa naye mmoja. Wengine wanakasirika."

Mama Rehema alinipa kitambaa. Sikukihitaji. Kulikuwa na vumbi ofisini, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Mfuko ulilipa hospitali moja kwa moja, na walinipima kujua mguu umepungukiwa kiasi gani nikalipwa kwa hicho pia. Walinipima wanavyopima fundi cherehani, na sikuacha kumshuku aliyeshika futi. Nilifunguliwa tena mwezi wa pili. Mara hii mfupa ulikubali. Nilianza kukanyaga chini mwezi wa tatu, zabibu mpya zilipoingia sokoni, na nilizila nikiwa nimesimama, bila kusaini kitu. Mguu wa kulia ni mfupi kidogo. Nikitembea nachechemea kama mtu anayekubaliana na kila kitu.

Hamisi alifukuzwa wiki ileile aliyotoa ushahidi. Walimwambia kazi imepungua. Karani hajanipigia, na simtarajii. Wewe ukiletewa zabibu, soma kwanza. Na siku utakayorudi kazini, kabla hujabeba karai la kwanza, nenda kachungulie daftari. Mwandishi akikucheka mwache acheke, usiondoke mpaka uone majina yako yote matatu.

Upepo wa baridi umerudi sasa. Hamisi amepata kazi ya kusimamia nyumba mbili za mtu hapa Mkonze, akasema anahitaji mwandishi anayejua kukaa. Nimekwenda na kiti changu cha plastiki. Asubuhi naandika kila anayefika, jina lake, la baba na la babu. Nimewarudisha watu wawili nyumbani kuchukua vitambulisho. Hamisi anasoma juu ya bega langu na kusema naandika kama mtu anayejaza vyeti vya vifo. Mirunda tunaikagua wawili, kila mmoja kwa sababu hamwamini mwenzake.

Mimi sijiandiki. Nimekataa, kwa sababu mtu anayejiandika mwenyewe ana jambo. Ananiandika yeye, mstari wa mwisho: Elia Petro Ndahani. Halafu pembeni, kwa herufi ndogo, Mtani. Na kila jioni kabla ya kufunga daftari naangalia kama ameandika yote mawili.